Begi la Kupeleka Thelujini

Kwa miaka kumi na mitatu niliuza majaketi hatua tatu kutoka kwenye cherehani ya Fundi, na miaka yote hiyo sikujua kwamba alikuwa akinidanganya. Si mimi peke yangu. Alimdanganya kila mtu aliyenunua begi kwake, na wengi wao wanalitembeza begi hilo mjini mpaka leo bila habari. Siku nilipoambiwa nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Chai yote ilimwagika magotini, nami sikuhisi kuungua mpaka nilipofika nyumbani na kuvua sketi.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mwenyewe hakuyapenda maswali hayo. Ukimuuliza kwao ni wapi alikujibu, "Kwetu ni hapa kwenye cherehani," na mguu haukuacha kukanyaga. Niseme tu kwamba alikuwa Mkamba kama mimi, na kwamba kila mtu upande ule wa Naivasha Road, Riruta, alimwita Fundi. Mimi aliniita Mwaitu, yaani mama yetu, tangu wiki niliyofika pale nikiwa na miaka kumi na tisa, sina mume wala mtoto. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, baba na mama walipofariki, nikabaki na wadogo zangu wawili, msichana na mvulana. "Anayelisha watu wawili ameshakuwa mwaitu," alisema Fundi. "Abishe, asibishe."

Juu ya kibanda chake kulikuwa na ubao wa rangi nyekundu: MABEGI. ZIPU. MSHONO WETU HAUKATIKI. Maneno hayo hayakuwa mchezo. Nimemwona akining'inia kwenye mkanda wa begi aliloshona, mtu mzima mwenye mvi, miguu haigusi chini, ili kumnyamazisha mteja mmoja mbishi. Mkanda ulilia kidogo, ukatulia. Mteja alilipa. Kabla ya kuja Riruta alikuwa ameshona mjini, juu ya ngazi za jengo moja karibu na River Road, na makarani wa mjini waliendelea kumfuata mpaka huku kwetu, wakishuka stejini na mabegi yao kama watu wanaopeleka mtoto kliniki.

Majaketi yangu ni ya theluji. Mgeni hushangaa, lakini ukiwa Nairobi hushangai. Theluji hatuna, bodaboda tunazo, na baridi ya Julai saa kumi na moja asubuhi haina huruma kwa mtu aliye juu ya pikipiki. Basi yale majaketi manene ya watu wa kuteleza milimani yakifika kwenye marobota ya mitumba, wateja wangu huyagombania, pamoja na glavu na ile miwani mikubwa inayofunika nusu ya uso. Mengi huja na kadi ndogo inayoning'inia kwenye zipu, ina picha ya mlima na maneno ya lugha nisiyoijua. Fundi alizikata zote kabla sijatundika. Alinyanyuka kwenye kiti chake, akapita na mkasi, kaka, kaka, kaka, akarudi.

"Wacha bana, wateja wanapenda hizo kadi," nilimwambia mara ya kwanza.

"Kinachoning'inia hushikwa," alisema. "Kama si na mkono, na kitu kingine."

Nilidhani ni uzee.

Ni kwenye marobota hayohayo alikopata mabegi yake ya theluji. Yalikuwa yakitupwa. Wauzaji wengine waliyageuza wakaona zipu haipo mbele, wala juu, ila ipo nyuma, upande unaolalia mgongo wa mtu. Wakasema kiwanda kimekosea mlango. Fundi aliyaokota yote. Aliniita, akanivalisha moja na kuniambia nijaribu kulifungua. Sikuweza. Akaniambia nimwache mtu mwingine yeyote alifungue. Nani angeweza? Mlango ulikuwa umebanwa na mgongo wangu mwenyewe.

"Sasa mwambie mwizi wa mjini apitishe mkono wapi," alisema, na huo ndio wakati nilipomwona akicheka mpaka meno ya nyuma.

Kwa miaka mingi aliwauzia watu wa mjini mabegi hayo kama dawa ya wezi. Lakini hakuishia hapo. Ndani ya begi moja palikuwa na lebo ya kitambaa yenye mchoro wa mtu aliyesimama juu ya mbao mbili ndefu, na mchoro huo ulimnyima usingizi. Alitaka kujua kwa nini kila kitu kiko pale kilipo. Kwa nini mlango uko mgongoni? Akawaza, akaja kuniambia: ukilitua begi kwenye theluji, unalaza upande wa nje chini na kufungua upande wa mgongo, ndiyo maana mgongo haulowi. Kwa nini mikanda ya ubavuni ni mipana namna hii? Ya kubebea zile mbao, ukipanda kwa miguu. Kwa nini ulimi wa zipu ni mkubwa kama kidole? Akavaa glavu zangu, akajaribu kufungua zipu za kawaida, akatukana. Aliomba nafasi kwenye friza ya bucha iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akaweka zipu tano kati ya matumbo ya mbuzi tangu Jumamosi mpaka Jumatatu, aone zipi zitagoma. Mwenye bucha alikuja kuniuliza kama mzee yuko sawa.

Yuko sawa, nilimjibu. Anasoma.

Na kwa kweli nilimwonea wivu, mimi niliyeacha shule nikililia daftari. Yeye alikuwa akisoma somo la kitu ambacho hakuwa amekiona hata siku moja.

Lazima niseme pia kwamba alikuwa mkali, na kwa wanawake alionekana mkali zaidi. Msichana akija kutaka pochi yenye mkanda mrefu wa kukatiza kifuani, Fundi hakushona. "Nenda kwa jirani." Msichana aseme atalipa mara mbili. "Nenda kwa jirani mara mbili." Tulisema hapendi wanawake. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na nilikuwa nikila chapati zake.

Jambo la pili lililotuchekesha ni kwamba yeye hakuwa na begi. Mtu anayeshona mabegi kutwa nzima alibeba vitu vyake mifukoni: miwani, mkate, simu, Biblia ndogo ya Kikamba, vyote kwenye koti moja lililokuwa limevimba kama mtungi. Mvua ikinyesha, mkate ulilowa. Nikamwambia, "Fundi, jishonee hata kamoja." Akanitazama kana kwamba nimemtukana.

Na la tatu ni hili. Mara mojamoja mteja alirudi na begi lililokatika mkanda pale unapoungana na mfuko. Sisi tuliona aibu kwa niaba yake, tukiutazama ule ubao mwekundu. Fundi hakuona aibu. Alikaza macho kwenye ncha iliyokatika, akaisugua kwa kidole gumba, akasema, "Umekatika vizuri." Kisha alimuuliza mteja ilikuwaje. Mmoja alisema mlango wa matatu ulimfungia begi nje na gari likaondoka. Mwingine alinyang'anywa karibu na mzunguko wa barabara wa Globe. Fundi alisikiliza habari zote mpaka mwisho, akashona bila kudai chochote. "Umekatika vizuri." Tulilifanya kuwa mzaha. Mtu akiachwa na mchumba, tulimwambia, umekatika vizuri.

Sasa niseme kuhusu ndugu yangu, kwa sababu bila yeye nisingeandika haya.

Kyalo ndiye kitinda mimba wetu. Mama alipofariki alikuwa na miaka minane na alilala akiwa ameshika ncha ya nguo yangu. Ilibidi nivue nguo hiyo polepole kila asubuhi ili niende kufua kwa watu kule Parklands. Alikua, akapenda kamera, akaanza na picha za vipaimara na mazishi, akaingia harusi. Harusi moja kubwa ya Parklands, ya siku nne, ilimfungulia mlango. Familia ile ilimpenda. Bwana na bibi harusi walikuwa watu wa kuteleza kwenye theluji kwa ubao, tangu wakisoma ng'ambo, wakasema wanataka Kyalo huyohuyo aende nao milimani Austria wiki tatu, awapige picha wakiteleza. Visa ikatoka. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi.

Alikuja Riruta na begi jipya, jeusi, la kung'aa, kutoka duka la Westlands. Lilikuwa na mlango mbele na tundu la kuchajia simu. Nilimpeleka kwa Fundi ili alisifu.

Fundi hakuligusa. "Hili ni la kupandia lifti ya ofisini."

"Fundi, hii ni ya kamera," Kyalo alisema. "Iko na sponji kila mahali."

"Utateleza nalo?"

"Nitajifunza kidogo. Wiki ya kwanza kuna mwalimu."

"Basi utaanguka."

"Ah, mzee, usiniombee mabaya!"

"Sikuombei. Nakuuliza utaangukia wapi."

Akatia ndani pakiti mbili za unga na chupa ya maji, uzito wa kamera mbili na lenzi ile ndefu, akamvalisha. Akamwambia achuchumae, ainame, atazame juu. Begi likapanda na kumpiga kisogoni. Kisha akatandika magunia matupu mbele ya kibanda, kadamnasi, watu wakitoka kazini.

"Anguka."

"Hapa? Fundi, kuna wasichana."

"Huko pia wapo. Anguka ubavu."

Kyalo akaanguka. Begi lilizunguka likaja tumboni, pakiti moja ya unga ikapasuka, na ndugu yangu akainuka mweupe kama aliyekwisha kufika Austria. Waendesha boda walipiga honi. Mmoja alisema, "Niaje theluji!" na jina hilo lilimkaa Kyalo mwezi mzima.

Fundi akaingia ndani, akatoka na begi la rangi ya chungwa kali. Lilikuwa jembamba, la kukaa karibu na uti wa mgongo, mlango nyuma, mkanda mpana wa kiunoni, na mkanda wa kifuani wenye kishikizo cha plastiki. Kwenye kishikizo hicho kulikuwa na filimbi. Kyalo hakuipenda rangi. Alisema mtu wa kamera hafai kuonekana, mwizi atamjua tangu mbali.

"Ukizama kwenye theluji," Fundi alimuuliza, "unataka nani akutafute? Mwizi?"

Akamwonyesha mfuko mwembamba mrefu wa mbele, uliotengwa na nafasi ya kamera. "Hapa pa koleo. Usiweke lenzi hapa hata siku moja. Koleo litoke haraka."

"Koleo la nini?" niliuliza mimi.

"La kuchimbua mtu."

Nakumbuka nilishika nguzo ya kibanda. Mpaka dakika ile safari ilikuwa picha ya bibi harusi na mlima mweupe. Hakuna aliyeniambia kwamba theluji huteremka mlimani na kufukia watu, na kwamba wanaokwenda kucheza huko hubeba koleo kama tunavyobeba mwavuli. Fundi aliponiona akaacha kueleza. Akapuliza ile filimbi ili kuniondolea mawazo, na matatu ikasimama kabisa pale kwetu, kondakta akatuuliza tunaenda wapi.

Alilitengeneza begi hilo siku tisa. Akashona nyumba ya sponji ya kamera, inayotoka na kuingia. Akakata mikia yote ya mikanda iliyozidi, akaikunja na kuishonea ndani. "Kusiwe na kitu kinachoning'inia," alimwambia Kyalo, na mimi nikiwa pale. "Hata uzi."

Nilisikia. Nataka ieleweke kwamba nilisikia.

Lakini mimi ni mtu wa Nairobi, na ni mtu niliyezika wazazi wawili. Mjini mtu akikaa na begi, hulifunga mguuni au mkononi. Mama alitufundisha hivyo. Kichwani nilimwona Kyalo kwenye uwanja wa ndege wa watu, amesinzia, begi limeondoka na kazi ya miaka sita imo ndani. Nikamwona kwenye mlima huo wenye makoleo. Nikaenda kwa Fundi kuomba uzi wa nailoni, ule mnene wa mabegi.

"Wa nini, Mwaitu?"

"Kifungo cha jaketi."

Akanitazama kidogo, akakata kipande kirefu kuliko nilichoomba.

Usiku ule, begi likiwa kwetu ili Kyalo alijaribu, nilishona mkanda wa urefu wa mkono mmoja kwenye bega la kushoto la begi la Kyalo, ncha ya pili nikaitia kulabu ya mnyororo wa mbwa. Nilirudia mshono mara saba, uzi maradufu, mpaka sindano ikapinda. Nikaukunja mkanda nyuma ya sponji, usionekane. Kyalo nilimwambia, "Ukikaa mahali popote, jifunge. Usimwambie Fundi."

"Sawa, Dada."

Fundi alikuwa na desturi: begi likimalizika, lazima lishinde siku moja likining'inia msumarini na mawe ndani. Basi kesho yake, kabla ya safari, nililirudisha kwake asubuhi, na jioni akanipa. Alisema limening'inia vizuri. Sikumwona akitabasamu wala kukasirika. Kyalo akaondoka.

Alirudi baada ya wiki tatu, mashavu yamebabuka kwa jua la baridi. Nilimpikia ugali na kuku wa kienyeji. Picha zilikuwa nzuri mno, akasema, na tayari wale watu wamemwalika tena Januari. Alikuwa akila, anacheka, na akanisimulia kama mtu anayesimulia kichekesho.

"Dada, huko kuna viti vinaning'inia kwa waya, vinapandisha watu mlima. Haisimami, unaelewa? Inakuja tu nyuma yako, inakupiga makalio, unakaa. Na wanakuambia utoe begi mgongoni, uweke mapajani. Nikakaa. Nikaangalia chini. Wee! Miti ilikuwa kama sukuma wiki. Nikakumbuka maneno yako. Nikajifunga."

"Ukajifunga wapi?"

"Kwa chuma ya kiti. Nikazungusha kamba yako, nikafunga kulabu. Na mkono mwingine nimepitisha kwa begi, isianguke."

Nikaacha kula.

"Tukafika juu. Huko unaruka tu, kiti inaenda. Nikaruka. Glavu haiwezi kufungua kulabu. Kiti inageuka, inarudi chini, na mimi niko nayo. Nilivutwa, Dada, mpaka ukingo. Watu wanapiga mayowe Kijerumani. Miguu yangu ikatoka kwa theluji. Chini hapo ni bonde."

Alikuwa bado anatabasamu. Mimi nilikuwa nikisikia neno moja tu kichwani: kamba yako, kamba yako.

"Halafu ikakatika. Nikaanguka ubavu, kama ile ya Fundi, begi chini yangu. Kamera hata alama hazina. Kiti ikaenda na kamba yako mpaka chini ya mlima, ikarudi nayo tena baada ya dakika kumi. Yule mzee wa mitambo akaifungua akanipa. Akasema mtu aliyeshona vibaya hivi, anataka kumnunulia bia."

Akatoa kamba mfukoni, akaiweka mezani karibu na sahani ya kuku.

Sikulala. Asubuhi niliutazama mkanda ule kwenye mwanga wa mlango. Matundu ya sindano yangu yalikuwepo, makubwa, yamepinda, ningeyatambua popote. Lakini ndani ya matundu hakukuwa na nailoni. Kulikuwa na vipande vya uzi mweupe mwembamba wa pamba, ule wa kushonea vifungo vya shati. Mimi uzi huo sina. Nilihesabu: mishono saba tu.

Fundi wakati huo alikuwa ameacha kuja kibandani. Macho yalikuwa yamezidi kuingia ukungu, na daktari alikuwa amempa siku ya mbali ya kutibiwa. Alikaa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga nyuma ya kanisa, chumba kimoja, cherehani imefunikwa shuka. Nilimkuta ameketi mlangoni juani. Alinijua kwa hatua. Akanimiminia chai kutoka kwenye thamosi, akipima kwa kidole ili isifurike.

Nilimwambia yote. Uongo wa kifungo cha jaketi, kulabu ya mbwa, kiti, bonde. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha, na nadhani nilitaka pia anigombeze. Akanyoosha mkono. Nikampa mkanda. Akaitafuta ncha, akaisugua kwa kidole gumba, polepole sana.

"Umekatika vizuri," alisema.

"Fundi, ni wewe?"

"Ningeung'oa, ungeshona mwingine nyumbani. Nakujua. Nikatoa uzi wako, nikaweka wangu kwenye matundu yaleyale."

"Na ulijuaje mambo ya viti vya waya?"

"Viti gani? Mimi viti sivijui." Watoto wa ploti walikuwa wakicheza karibu, akawangoja wapite. "Kulikuwa na mama mmoja nikiwa mjini. Karani. Alipenda ubao wangu, akiusoma kwa sauti kila akipita. Nikamshonea pochi ya kukatiza kifuani, nikaweka nailoni kila mahali. Jioni moja jamaa wa pikipiki wakaishika pochi ile wakiwa kwenye mwendo."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Uzi wangu haukukatika, Mwaitu. Walimburuta mpaka mbele ya posta. Baada ya mazishi mumewe aliniletea pochi. Aliiweka kwenye cherehani akaondoka. Nikaiangalia mshono kwa mshono. Ilikuwa nzima."

Hapo ndipo chai ilipomwagika.

"Tangu siku hiyo," alisema, "kila mkanda ninaoshona una sehemu moja ya pamba, chini, pale mtu haangalii. Mishono saba. Inabeba vitabu, inabeba unga, inabeba kamera. Mtu mzima akivutwa, inamwacha."

"Lakini nilikuona ukining'inia! Kwa yule mteja mbishi."

"Lile nililishona nailoni tupu. Alipoondoka na begi lake, lilikuwa lingine."

Nilitaka kucheka, sikuweza. Nilikuwa nikiwaona wale makarani wote stejini, wale wanafunzi, mimi mwenyewe. Begi alilonipa zawadi mwaka wangu wa kwanza lilikuwa mgongoni mwangu wakati ule ule. Miaka kumi na mitatu nimelivuta, nimelikazia, nimewaambia watu halikatiki.

"Na ubao, Fundi?"

"Ubao ni wa wateja. Nani atanunua begi la kukatika?"

Nilitoa begi la rangi ya chungwa kwenye gunia nililokuja nalo. Nilikuwa nimepanga kuchoma ile kamba, lakini Kyalo alikuwa amekataa. Alisema anataka irudi pale pale. Hatajifunga nayo tena kokote, ila kule juu usiku, chumbani, alikuwa akilala ameishika. Nilimwambia Fundi hivyo.

Alifikiri. "Toa kulabu kwanza. Haya. Uzi uko kwenye kopo la biskuti. Mweupe. Macho yangu hayafai, utashona wewe. Mimi nitahesabu."

Nikaketi chini karibu na miguu yake, sketi imelowa chai, nikatunga uzi wa pamba. Ulikuwa mwepesi kiasi cha kunitisha. Nikapitisha sindano kwenye matundu yangu mwenyewe, na yeye, uso ukiwa juani, aliisikia ikipenya kitambaa. Moja. Mbili. Tatu. Januari haikuwa mbali. Sita. Saba.

Mkono wangu ukaingiza sindano mara ya nane.

"Mwaitu," alisema. "Rudisha."

Nikairudisha sindano nyuma, nikakata uzi.